Mrejesho: mashine ya kufulia iliyogoma kuzunguka

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kuhusu mashine yangu ya mlango wa mbele, ya miaka 12: inajaza maji, mlango unajifunga, ila pipa halizunguki. Wengi mlisema mkanda unaozungusha pipa. Nimefungua nyuma, mkanda mzima kabisa. Aliyetaja kaboni za mota, vile vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, ndiye aliyepatia. Nilichomoa umeme kwanza, nikazitoa: moja imebaki kama nusu sentimita, imelika upande, vumbi jeusi limejaa. Jozi mpya nimeipata Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nendeni na ile ya zamani mkononi mlinganishe, saizi zinatofautiana. Nilipozifunga, mwanzoni mota ilitoa cheche kidogo, zikapungua kaboni zilipokaa sawa. Jana nimefua mablanketi ya watoto, na baridi hii ya Mbeya mnaijua. Asanteni sana, jamani.