Gia otomatiki imefungwa upya, kompyuta yake haionekani

Wakuu, nipo Uyole. Lori la Marekani, tumebadili pleti za klachi na sili, gieboksi ikarudi. Injini inawaka safi, ila selekta (ya kuchagulia gia) inaonyesha vistari tu. Mashine ya kupimia hitilafu inasoma injini, gia haioni kabisa. Tajiri anataka gari liwe Tunduma kesho.

— Usishushe gieboksi! Chomoa betri, weka mita kwenye omu (upinzani wa umeme), pima soketi ya mashine, pini C na D. Laini ya mawasiliano ya kompyuta ikiwa nzima husoma kama omu 60, maana ina rezista (vipingamizi) mbili za 120, moja kila mwisho. Ukipata 120, rezista moja imekatika. Ikikaribia sifuri, waya zimegusana.

— Imesoma 60.

— Basi laini kuu ni nzima, ila tawi la kwenda kompyuta ya gia laweza kuwa limekatika. Anza na moto (umeme wa betri) na ethi (waya wa bodi) zake, tena kwa taa ya kupimia, mita pekee hudanganya. Na ethi ya gieboksi mmeipaka rangi? Rangi huzuia umeme. Mafundi wa Uyole mnapenda urembo.

— Uyole tumekukosea nini, kaka?

Nimepima, ethi nzima. Soketi ya kompyuta ya gia ndiyo yenye shida: pini ya moto imerudi nyuma, ukiichungulia kwa tochi iko chini ya wenzake. Nimeisukuma ikalia "tik", selekta imetoa N (gia huru).