Wapenda treni tupeane uzoefu: safari ya reli usiyoisahau

Wakuu, salaam.

Mimi ni mgonjwa wa treni. Wenzangu wakipata likizo wanatafuta hoteli, mimi natafuta ratiba. Nyuzi za usafiri zote ni mabasi na nauli, basi leo tuongelee reli. Masharti ni mawili: simulia ulichokiona mwenyewe, na useme ulifikaje stesheni na ulitokaje. Naamini safari nyingi za treni zinaharibikia huko, wala si relini.

Naanza. Ya moyoni mwangu ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, Dar hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Ujenzi ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Wengi wanasifia wanyama wa Selous, na kweli twiga unamwona ukiwa umejilaza kitandani. Lakini mpenda reli hasa hasinzii kati ya Mlimba na Makambako. Hapo treni inaacha bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu, handaki baada ya handaki. Kwenye kona unaona kichwa cha treni kinamezwa na mlima wakati behewa lako bado liko juani. Baridi nayo inaingia taratibu, na waliotoka Dar na kanga moja wanaanza kupekua mabegi.

Kabla ya hapo, Mlimba, ni soko la dirishani. Akina mama wamesimama chini na mabeseni, noti inashuka, ndizi zinapanda, chenji inarushwa treni ikiwa imeshaanza kutembea. Sijawahi kuona chenji ya mtu ikipotea.

Kwa wasiojua: Tanzania tuna reli za vipimo vitatu. Ya Kati, ya Mjerumani, upana wake ni milimita 1,000. TAZARA ni 1,067 ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. SGR, reli mpya ya umeme, ni 1,435. Ndiyo maana behewa la Kigoma haliwezi kupitiliza hadi Mbeya, mzigo lazima uhamishwe njiani.

Karibuni.

Mwana wa Ujiji
Mkuu umenigusa. Nilisoma bweni Tabora, kwetu Kigoma, kwa hiyo Reli ya Kati imenilea. Ilifika Kigoma mwaka 1914, na sisi tulikuwa tunajua tulipo kwa vyakula tu. Ukitokea Dar, ukisikia watu wanaitana kununua kuku, ni Saranda. Asali, ni Tabora. Wakianza kupakia chumvi, jua ni Uvinza na nyumbani si mbali. Daraja la tatu usiku ni mji kamili: mmoja kalala chini ya kiti, mwingine kakumbatia gunia la dagaa, bibi anasimulia ugomvi wa mashamba kwa watu asiowajua na wote wanatoa hukumu. Kuhusu stesheni, Kigoma umeshuka umefika. Unavuka barabara, uko mjini na ziwa unaliona.

Mama Moro
Mimi naishi Morogoro, kazi Dar, kwa hiyo SGR kwangu si utalii. Tangu ianze Juni 14, 2024, maisha yangu yamebadilika. Zamani kwenda Moro Ijumaa jioni ulikuwa unaikabidhi roho yako kwa dereva wa basi na foleni ya Kibaha. Sasa nakaa, nafungua kompyuta, nikiinua macho tumeshapita Ngerengere. Daraja la kawaida nililipa 13,000.

Ila nakubaliana na mleta mada. Nikishuka usiku, bajaji ya kunifikisha mlangoni inataka 10,000. Yaani kilomita zote zile na hizi chache za mwisho zinakaribia kuwa bei moja! Na siwalaumu vijana, usiku hakuna daladala, wao ndio soko.

Halafu dirisha la SGR halifunguki. Najua ni umeme, ni kasi ya 160, ni kiyoyozi. Lakini wale mama wa mabeseni wameenda wapi?

Mpwani
Hamjambo nyote, mie wa Mombasa. Ile treni ya zamani ya usiku kwenda Nairobi, mhudumu alikuwa akipita kwenye ujia akigonga kengele za chakula cha jioni, na sisi watoto tukimfuata nyuma. Madaraka Express, treni ya SGR ya Kenya, ilipoanza 2017 ikaleta haraka, na Tsavo unaiona mchana kweupe, ndovu hao wekundu kwa vumbi. Lakini stesheni iko Miritini! Kwa mtu wa Mji wa Kale hiyo peke yake ni safari. Nairobi afadhali kidogo, ukishuka Syokimau kuna treni ya kukuunganisha hadi katikati ya jiji.

Pugu Moja
Mnasahau treni ya mjini Dar, ile ya Mwakyembe, Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, ya mwaka 2012. Haina kiyoyozi wala picha nzuri. Asubuhi tunabanana, lakini foleni ya Nyerere Road tunaipungia mkono. Nawasilisha.

Mbongo Ughaibuni
Niko Ujerumani. Huku kuna tiketi moja ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49, sasa imepanda. Inakubalika kwenye treni za mikoani, tramu na mabasi ya nchi nzima, ila si zile za mwendo mkali. Treni zinachelewa sana tu, msidanganywe. Ninachotamani nyumbani ni hiyo tiketi moja: nishuke SGR, nitembee hadi kituo cha Gerezani, nipande basi la mwendokasi bila kupanga foleni nyingine.

Mgeni wa Reli
Nimevutiwa na TAZARA. Nichukue daraja gani? Tunasafiri mimi na mke wangu.

Mleta mada
Mkuu, daraja la kwanza chumba ni vitanda vinne, la pili ni sita. Wanaume na wanawake hutenganishwa, kwa hiyo kama mnataka kulala pamoja lipieni chumba kizima. Bebeni maji ya kutosha, tochi na sweta. Mkikaribia mpaka wa Tunduma watapanda wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha. Hesabu zako ziwe tayari kichwani kabla hawajakaa kitandani kwako, maana wale wanahesabu haraka kuliko wewe. Ratiba ulizia stesheni yenyewe, usiamini picha za WhatsApp.