Naomba ushauri: sura ya mwigizaji kwenye gemu letu

Assalaam aleikum wakubwa. Mimi na mwenzangu hapa Unguja tunatengeneza gemu la kutafuta hazina ndani ya Mji Mkongwe. Sura ya nahodha mwenzangu ameichora kwa kufuatisha picha ya mwigizaji, anasema hata kasha la gemu la Metal Gear, 1987, lilitokana na picha ya Michael Biehn kwenye filamu ya The Terminator. Kweli. Lakini Metal Gear 2 ya 1990 nayo ilikuwa na sura za waigizaji, na toleo la baadaye zikachorwa upya! Hilo ndilo linalonitia hofu. Milango ya nakshi haina tabu, tumeipiga picha wenyewe.

Aliyewahi kupeleka gemu COSOZA, ofisi ya hakimiliki Zanzibar, alianzia wapi? Na tukibadilisha pua na ndevu, yatosha, au tuchore upya kabisa?