Louvre, Vatikani au British Museum: je, idadi ya wageni ituamulie?

Mwalimu wa Sanaa, Kisumu

Wapendwa wanajukwaa, naomba mnisaidie kulipima jambo hili kwa makini. Sisi ni walimu sita wa sanaa na historia kutoka Kisumu, Vihiga na Nakuru, na kwa miaka mitatu tumekuwa tukiweka akiba katika chama chetu ili tusafiri mara moja, tukayaone kwa macho yetu wenyewe makavazi ya sanaa ambayo tumekuwa tukiwafundishia wanafunzi kwa picha za vitabuni. Fedha tulizo nazo zinatosha mji mmoja kwa siku nne.

Kwa kuwa kila mmoja ana upendeleo wake, nilipendekeza tufuate idadi ya wageni, kwa hoja kwamba watu wengi hawaendi mahali bure. Mwaka wa 2024 Louvre ya Paris ilipokea watu wapatao milioni 8.7, Makavazi ya Vatikani milioni 6.8, British Museum ya London karibu milioni 6.5, Metropolitan ya New York milioni 5.7, nayo Tate Modern, ambayo pia iko London, milioni 4.6. New York tumeiacha kwa sababu ya nauli. Kwa hesabu hiyo Paris imeshinda, lakini mwenzetu mmoja amekataa katakata, akisema tunalinganisha vitu visivyolinganika. Je, ana haki? Na ikiwa anayo, tutumie kipimo gani?

Mhasibu, Nakuru

Mwalimu, mwenzako ana haki, ingawa sidhani kwamba takwimu hizo hazina kazi. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na kabla ya kuijumlisha namba yoyote huwa nauliza kwanza ilipatikanaje.

Jumla ya mwaka haikuambii chochote kuhusu siku utakayofika wewe. Louvre hufungwa kila Jumanne, kwa hivyo milioni zake 8.7 ziliingia kwa siku zipatazo 310, ambayo ni wastani wa watu 28,000 kwa siku. British Museum hufungwa siku tatu tu za mwezi wa Desemba, na milioni zake 6.5 zikigawanywa kwa siku 363 unapata kama watu 18,000. Tazama basi lililotokea: kwa mwaka Louvre inaizidi British Museum kwa theluthi moja, lakini kwa siku inaizidi kwa zaidi ya nusu. Uwanja wetu wa Mamboleo pale Kisumu ulijengwa kuchukua watu wapatao 30,000. Hebu fikiria uwanja huo umejaa karibu wote, kisha watu hao waingie katika jumba moja kati ya asubuhi na jioni, na kesho yake vivyo hivyo.

Kuna jambo la pili ambalo naliona kuwa zito zaidi. Mwaka wa 2018 Louvre ilipokea watu milioni 10.2, kiwango ambacho haikuwa imewahi kukifikia. Baada ya janga la korona uongozi wake uliamua kuweka kikomo cha watu wapatao 30,000 kwa siku ili msongamano upungue. Tangu hapo idadi ya wageni imekuwa ni kipimo cha nafasi iliyotengwa, wala si cha hamu ya watu. Ni kama matatu iliyojaa: ukihesabu abiria unajua ina viti vingapi, lakini huwajui waliobaki stejini.

Na idadi ikishuka, msikimbilie kusema kwamba watu wamepachoka mahali hapo. National Gallery ya London ilikuwa na wageni milioni 6 mwaka wa 2019, na mwaka wa 2024 ikapata milioni 3.2. Asiyejua angedhani michoro yake imepoteza mvuto, ilhali sehemu kubwa ya jengo, yenye lango walilozoea kulitumia wageni wengi, ilikuwa imefungwa kwa ukarabati tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Mei 2025.

Mzee wa Mlangoni, Kitale

Watoto wangu, nimestaafu sasa, lakini kwa miaka zaidi ya ishirini nilisimama mlangoni pa makavazi moja ya huku magharibi, na kuhesabu wageni ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Naomba niwaeleze mlango unavyohesabu, maana naona wengi mnazichukulia namba hizi kana kwamba ni za watu.

Mahali panapotozwa kiingilio huhesabiwa tiketi. Tiketi moja ni mtu mmoja kwa siku moja, na akitoka nje aghalabu hawezi kurudi bila kulipa tena, kwa hivyo hesabu hiyo ni safi kiasi. Mahali pasipotozwa kitu huhesabiwa kuingia. Zamani tulitumia kifaa kidogo cha kubonyeza kwa dole gumba, na siku hizi majumba makubwa yana mitambo juu ya mlango inayotambua kila kichwa kinachopita chini yake. Mtu akitoka kunywa chai na kurudi, amehesabiwa mara mbili. Mama aliyeingia kumtafutia mtoto msala naye amehesabiwa, sawasawa na mtafiti aliyekaa humo tangu saa nne hadi saa kumi na moja.

British Museum haitozi chochote kwa maonyesho yake ya kudumu, na kadhalika Tate Modern. Desemba 2001 serikali ya Uingereza iliondoa kiingilio katika makavazi ya taifa yaliyokuwa bado yakitoza, na wageni wakaongezeka sana kwa muda mfupi, ilhali vitu vilivyokuwamo ndani ni vile vile vya jana yake. Kwa hivyo, Mwalimu, unapoziweka namba za Louvre na za British Museum katika safu moja, unachanganya tiketi na nyayo. Anayehesabu watu wa soko la Kibuye siku ya Jumapili hawezi kukuambia nani alinunua na nani alikuwa akikata njia tu kwenda nyumbani.

Binti wa Kakamega

Shikamoo Mzee. Mimi ni ushahidi wa hayo unayoyasema. Nilisoma London mwaka mmoja na nusu, na kwa kuwa darasa letu lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka British Museum, nilikuwa nikiingia humo kati ya kipindi na kipindi, wakati mwingine kwa nusu saa tu, wakati mwingine kwa sababu ya mvua. Nadhani peke yangu nimehesabiwa si chini ya mara arobaini. Hata hivyo naomba tusizidharau hizo mara arobaini, kwa sababu ndizo zilizonifundisha kutazama. Siku ya kwanza nilizunguka vyumba vingi nikatoka na maumivu ya kichwa. Kuanzia wiki ya tatu nilikuwa nikienda kwa kitu kimoja, nakikalia, kisha naondoka.

Kwa walimu wa sanaa kutoka kwetu, vyumba vya Afrika vilivyoko chini ya jengo ndivyo ningevipa siku nzima. Humo zimo bamba za shaba za ufalme wa kale wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, zilizochukuliwa na jeshi la Waingereza mwaka wa 1897, na ni vigumu kuzitazama bila kujiuliza kwa nini imebidi tukate tiketi ya ndege ili kuziona. Pia kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950, zimo katika mkusanyiko wa jumba hilo. Vyungu vyake huvijenga kwa mkono bila gurudumu, huvisugua hadi ving'are, kisha huvichoma: moto wenye hewa ya kutosha huvipa rangi ya machungwa, na ule ulionyimwa hewa huvigeuza vyeusi. Mimi nimekulia karibu na Ilesi, ambako wafinyanzi huanika vyungu vyao kando ya barabara ya kwenda Kisumu, nao pia huviinua kwa mkono. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kazi ya mama zetu ina jamaa yake katika jumba linalopokea watu milioni sita kwa mwaka. Vitu hubadilishwa katika makabati mara kwa mara, kwa hivyo ulizeni kabla ya kwenda.

Msafiri, Eldoret

Naheshimu hoja zote, lakini naona Louvre inahukumiwa kwa chumba kimoja. Ni kweli kwamba piramidi ya kioo ya I. M. Pei, iliyofunguliwa mwaka wa 1989 na kuwa lango kuu, ilisanifiwa kwa wageni wapatao milioni 4 kwa mwaka, na sasa inapitisha zaidi ya maradufu. Ni kweli pia kwamba mwezi wa Januari 2025 Laurence des Cars, aliyekuwa akiiongoza, alimwandikia waziri wa utamaduni kueleza hali mbaya ya jengo na taabu wanayoipata wageni, na kwamba Juni mwaka huo wafanyakazi walisusia kazi kwa saa kadhaa kwa sababu ya msongamano. Hayo yote yako wazi.

Lakini wastani wa Mhasibu unadhania kwamba watu 28,000 wametandazwa sawasawa jengo zima, jambo ambalo halitokei hata kidogo. Wengi wao wanafuata mchoro mmoja, Mona Lisa, wenye urefu wa sentimita 77 na upana wa 53, yaani mdogo kuliko ubao wa matangazo wa darasani. Ukutani mkabala nao umetundikwa mchoro wa Veronese wa Harusi ya Kana, wenye upana wa karibu mita 10, na umati mzima umeupa mgongo. Makavazi hayo yanaonyesha kazi zipatazo 35,000. Nilipokwenda nilianzia upande wa Richelieu, nikasimama mbele ya sanamu za fahali wenye mabawa wa Khorsabad na nguzo ya sheria za mfalme Hammurabi, zote za Mesopotamia ya kale, yaani Iraki ya leo, nikiwa na nafasi ya kutosha kuchora katika daftari langu. Siku za Jumatano na Ijumaa hufungwa saa tatu usiku, na saa mbili za mwisho huwa na utulivu ambao hizo takwimu za mwaka haziwezi kuuonyesha. Mwalimu wa historia anayefundisha Mesopotamia asiikose Louvre kwa kuwahofia watu waliokwenda kuona kitu kingine.

Katekista, Kisumu

Kuhusu Vatikani nitasema machache. Mnaweza kuchagua vyumba Louvre, lakini kule njia karibu zote zinaishia katika Kanisa la Sistina, lenye urefu wa kama mita 40 na upana wa 13, na kila aliyenunua tiketi anataka kuiona dari ambayo Michelangelo aliichora kati ya 1508 na 1512. Jumapili ya mwisho wa mwezi kuingia ni bure, nayo ndiyo siku ambayo ningewashauri muiepuke.

Mhasibu, Nakuru

Msafiri amenirekebisha vizuri, na nakubali kwamba wastani unaficha vyumba vitupu. Niongeze upande wa mfuko. Tangu Januari 2026 mgeni anayetoka nje ya Ulaya analipa yuro 32 kuingia Louvre. Kwa watu sita hizo ni yuro 192, ambazo kwa kiwango cha shilingi 150 kwa yuro ni shilingi 28,800, na hiyo ni siku moja tu. Mkitaka kurudi siku ya pili kama alivyofanya Binti wa Kakamega, mnalipa tena. London mnaweza kuingia siku zote nne bila kugusa akiba. Viza pia ni tofauti: ile ya Schengen inawapeleka Paris na Roma, lakini haiwavushi kwenda London, na ya Uingereza haiwapeleki Paris, ingawa treni kati ya miji hiyo miwili huchukua saa mbili na dakika kama ishirini. Amueni mji kabla ya kujaza fomu yoyote.

Mwalimu wa Sanaa, Kisumu

Nawashukuru sana, na nimeyasoma yote mbele ya wenzangu jana jioni. Pendekezo langu la kufuata idadi nimeliondoa. Badala yake tulikubaliana kwamba kila mmoja aandike kazi tano ambazo angetaka kusimama mbele yake kwa robo saa nzima, kisha tuhesabu zipo mji gani. Kati ya kazi thelathini, kumi na saba ziko London, kumi na moja Paris, mbili Roma. Mwenzetu wa Nakuru, ambaye anafundisha ustaarabu wa kale, bado anaililia Paris, na baada ya maelezo ya Msafiri sina hoja ya kumnyamazisha. Hata hivyo uwezekano wa kuingia siku ya kwanza, kuchoka, na kurudi siku ya pili bila kulipa umewavuta wengi, hasa kwa kuwa kazi yetu ni kurudi na kufundisha. Tunaelekea London. Swali langu la mwisho: twende mwezi gani?

Binti wa Kakamega

Mwezi wa Februari, lakini uliza kwanza wiki ya likizo fupi ya shule za kule, mkaiepuke. Baridi ni kali, kwa hivyo bebeni makoti mazito. Ijumaa British Museum hufunga saa mbili na nusu usiku. Ingieni saa kumi na moja, wakati makundi ya watalii yanapotoka kwenda kula.

Mzee wa Mlangoni, Kitale

Mwalimu, mkifika, naomba mnifanyie kazi moja. Nendeni katika vyumba vya Afrika, mchague kabati moja, hata likiwa la vyungu, mkae hapo saa moja kamili. Hesabuni waliopita, kisha hesabuni kando waliosimama zaidi ya dakika moja. Hiyo ndiyo namba niliyotamani kuijua miaka yote niliyokaa mlangoni, na kazi yangu haikuniruhusu kutoka pale kuitafuta. Mniletee zote mbili.