Kimelea cha malale: kwa nini vimeng'enya vimefungiwa kwenye kifuko?

Kijana_Mwanza: Habari wakuu. Shuleni tulifundishwa glukosi huvunjwa kwenye sitoplazimu. Sasa nasoma kuhusu Trypanosoma brucei, kimelea cha malale, naambiwa vimeng'enya saba vya mwanzo vimo ndani ya vifuko viitwavyo glaikosomu. Faida yake nini? Kasi?

Rehema_Maabara: Karibu mdogo wangu. Tangu wanasayansi Opperdoes na Borst waelezee vifuko hivyo mwaka 1977, wengi walidhani ni kasi. Mimi nashikilia kwamba kazi yake kubwa ni kuzuia.

Fuata ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli. Katika kuvunja glukosi, kimeng'enya cha kwanza, heksokinesi, kinatumia moja, kingine cha hatua za mwanzo, fosfofruktokinesi, kinatumia ya pili, na faida huja mwishoni. Kwenye seli zetu nyingi, glukosi-6-fosfati, zao la heksokinesi, ikijaa huizuia heksokinesi yenyewe. Ile ya kimelea hiki haizuiliki hivyo! Ingekuwa nje, kila ATP mpya ingeingizia glukosi nyingine, hadi sukari zenye fosfati zirundikane na ATP iishe. Ndani ya kifuko ATP mbili zinatumika na mbili zinarudi, basi. ATP ya faida hupatikana nje, kwa kimeng'enya cha mwisho, piruvati kinesi, na utando wa kifuko unaizuia ATP hiyo isirudi kuchochea hatua za mwanzo.

Kijana_Mwanza: Nimekuelewa dada. Kuna aliyejaribu kuvitoa vimeng'enya kwenye kifuko?

Rehema_Maabara: Ndiyo, na hapo ndipo ninapopapenda. Walipunguza PEX14, protini inayosaidia kuingiza vimeng'enya kwenye kifuko, katika kimelea cha hatua ya mbung'o. Hicho huweza kuishi kwa prolini, aina ya asidi amino, badala ya glukosi. Bila glukosi kiliendelea kuishi. Kilipowekewa glukosi kikafa. Chakula kimegeuka sumu kwa sababu tu vimeng'enya vimekaa pasipo pake.

Kwenye damu hali ni ngumu zaidi, kwani huko kimelea kinategemea glukosi na hakina akiba ya maana. Ndiyo maana nawasisitizia vijana wangu: kapilari, ule mrija mwembamba wa kioo wenye damu ya ng'ombe ya kupima, isikae juani, isomwe mapema kwa hadubini. Vimelea vikiwa hai unaviona vinajipindapinda na kuzisukuma chembe nyekundu. Ukichelewa vimetulia, na utaandika hakuna kitu kumbe vipo.

Mfugaji_Simanjiro: Samahani dada, hilo la PEX14 linaweza kuleta dawa? Nagana, ugonjwa wa ng'ombe wa vimelea vya jamii hii, inatumaliza huku.

Rehema_Maabara: Pole sana kaka. Mwaka 2017 zilichapishwa molekuli zinazoizuia PEX14 isishikane na mwenzake PEX5, na zikaua vimelea. Bado si dawa ya dukani. Sisi pia tuna PEX14, kwa hiyo kazi ni kupata inayoshika ya kimelea na kuiacha yetu.