Vanguard ya 2008 inayosoma kilomita 98,000: nikague nini kabla ya kulipa?

Mama Watatu, Dodoma
Habari zenu ndugu. Nyumbani tuko sita, na gari letu dogo limetushinda kila tunapokwenda Nzega kuwasalimia wazee. Nimepata Toyota Vanguard ya mwaka 2008, injini ya lita 2.4, viti saba, namba D, ambayo mwenyewe anaiuza bila dalali. Rangi inang'aa na dashibodi inasoma kilomita 98,000. Kinachonitia shaka ni kwamba raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma kinaonekana, na usukani umekuwa laini kama sabuni. Kabla sijatoa hata shilingi, naomba mnieleze gari la aina hii linakaguliwa wapi hasa.

Fundi wa Chang'ombe
Dada, shaka yako ina msingi, ila mimi ningeanza na injini. Iliyomo humo ni 2AZ-FE, injini ngumu inayotumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, lakini za miaka hiyo zinafahamika kwa kula oili: ringi ya oili ya pistoni hujaa masizi, ikashindwa kukwangua oili kwenye kuta za silinda, na oili hiyo ikaungua pamoja na petroli. Muuzaji anayelijua tatizo hili huongeza oili jana yake na kulipasha gari moto kabla hujafika. Mwambie asiliwashe. Nenda alfajiri, weka kiganja juu ya boneti, na ukikuta ya moto, ahirisha ukaguzi. Ikiwa baridi, pima oili kwa kijiti, liwashe mwenyewe, liache lingurume dakika kumi na tano, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu huku mtu mwingine akitazama eksozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mwepesi unaopotea mara moja ni mvuke tu, usikutishe. Hata hivyo gari linaweza kula oili bila moshi wa kuonekana, kwa hiyo plagi zifunguliwe zitazamwe kama zina oili, na umuulize anaongeza oili kila baada ya muda gani, huku ukimtazama usoni.

Baba Pacha
Msisahau gia boksi. Ya lita 2.4 ina CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na inahitaji mafuta yake maalumu. Aliyewahi kuiwekea hidroliki ya kawaida ameshaanza kuiua. Uani haitakuonyesha lolote. Itafute kwenye mlima, gari likiwa limejaa watu: injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, au gari likitetemeka linapoondoka, liache. Ninyi mnaopita Sekenke mna sababu zaidi ya kuogopa hilo.

Msafiri wa Kati
Kuhusu kilomita, mwombe cheti cha Japani kilichoruhusu gari kusafirishwa nje. Cheti hicho huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule, na kupitia namba ya chasisi unaweza pia kuipata karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari lilipouzwa mnadani kule Japani, ambamo alama ya R humaanisha gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Mimi niliwahi kununua gari la aina nyingine lililosoma 70,000, nikaja kuiona karatasi yake baada ya kulipa: 160,000.

Mama Watatu, Dodoma
Ahsanteni sana. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na boneti ilikuwa ya moto. Akasema kijana wake alikuwa ametoka kununua mkate. Sikubishana naye, nikaomba kuona makaratasi, naye akanipa bahasha nzima, nadhani bila kujua kilichomo. Cheti cha Japani kinasoma kilomita 121,000, na ni cha mwaka 2015. Nilipomwonyesha, alipunguza bei kwa milioni mbili kabla sijasema neno. Nimemrudishia bahasha yake. Kama kuna anayeifahamu yenye injini ya lita 3.5, ambayo nasikia haitumii CVT, naomba anieleze unywaji wake wa mafuta kwa safari ndefu.