Satelaiti inajuaje theluji ya Greenland imeanza kuyeyuka?

Mdadisi_wa_anga
Wakuu habari zenu. Naona zile ramani za Greenland za kila siku zinazoonyesha wapi panayeyuka, wanasema ni satelaiti za maikrowevu (aina ya mawimbi ya redio mafupi), na theluji ikianza kuyeyuka kipimo kinaruka ghafla. Sasa theluji inayoyeyuka si inabaki kwenye sifuri? Hilo joto la kuruka linatoka wapi? Na mawingu hayazuii?

Kipimajoto
Mkuu hapo kinachopimwa sio joto moja kwa moja, ni nguvu ya maikrowevu ambayo theluji yenyewe inaitoa. Ikiwa kavu, punje zake zinatawanya mawimbi yanayotoka chini, yanafika juu machache, kwa hiyo inaonekana ya baridi kuliko ilivyo. Yakiingia maji kidogo tu kati ya punje, maji hayo yanafyonza na kutoa mawimbi vizuri sana, kipimo kinapanda wakati joto halisi liko palepale sifuri. Mruko wenyewe ndo dalili ya maji. Mawingu hayasumbui sana, giza halisumbui kabisa, ndo maana kuna rekodi tangu satelaiti ya Nimbus-7 ya 1978.

Bint_Theluji
Naongezea, kwa rada ni kinyume, theluji ikilowa mwangwi unashuka. Julai 2012 Son Nghiem wa NASA alikuwa anaangalia data ya rada ya Oceansat-2, satelaiti ya India, akaona karibu Greenland yote imelowa, akajiuliza kama ni kosa la data, ikabidi walinganishe na vifaa vya satelaiti nyingine, MODIS inayosoma joto la uso wa theluji, na SSMIS ya maikrowevu, zote zikakubaliana!! Tarehe 8 ilikuwa kama 40%, tarehe 12 ikafika 97%, mpaka kule kileleni Summit, mita 3200 na ushee. Kifaa kimoja ningekitilia shaka, ila vitatu vinavyopima vitu tofauti hapana.

Mdadisi_wa_anga
Nimeelewa sana. Kwa hiyo 97% ya barafu iliyeyuka?

Kipimajoto
Hapana mkuu, na hapa watu wengi wanapotoshana. Hiyo ni 97% ya eneo la uso wa barafu kuonyesha dalili ya kulowa, barafu yenyewe kuna sehemu ina unene wa zaidi ya kilomita 3. Kipimo kinakwambia pamelowa au hapajalowa, tena kwa pikseli ya kilomita kama 25, na maji mengine yanazama tu yanaganda tena ndani. Ukitaka kujua barafu imepungua tani ngapi angalia data za GRACE, zile satelaiti pacha zilizopima mvutano wa dunia hadi 2017, na za GRACE-FO zilizochukua nafasi yake 2018.